Rangi za Korea Katika Kioo

Norbert Weber, Mbenediktini wa Kijerumani aliyefariki Litembo katika milima ya Umatengo mwezi wa Aprili 1956, hukumbukwa katika mkoa wetu, na hao wanaomkumbuka, kuwa padre mzee aliyeacha cheo kikubwa huko Ulaya akaja kumalizia umri wake miongoni mwa wakulima wa ngoro na kahawa. Walakini huko Korea jina lake ni la mtu aliyewahifadhia Wakorea sura ya nchi yao kwa picha za rangi za mwaka 1911 na kwa filamu ya mwaka 1925. Sikusudii kusimulia maisha yake, bali kuichambua kazi yenyewe: picha zile zilipigwaje, kwa ala ya namna gani, kwa taabu ya kiasi gani, na ala ile iliamua nini juu ya kile tunachokiona leo tunapozitazama. Naamini kuwa ala iliamua mengi kuliko tunavyodhani, na kwamba mtu asiyejua habari za kioo na dawa zake aweza kuusifia moyo wa taifa zima kwa jambo ambalo kwa hakika lilikuwa sharti la mtambo.

Kwanza tumjue mwenye kamera. Alizaliwa mwaka 1870 huko Langweid, katika nchi ya Bavaria, akawa abate wa kwanza wa St. Ottilien mwaka 1903, na mwaka 1914 akawa Abate Mkuu. Nyumba ile ya St. Ottilien ndiyo iliyomtuma Cassian Spiss kuanzisha misheni ya Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, ndiyo iliyopata msiba wa kuuawa kwa Spiss huyo huyo, akiwa askofu, katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na ndiyo iliyowapeleka Bonifatius Sauer na Dominicus Enshoff kuanzisha monasteri mjini Seoul mwaka 1909. Basi Peramiho na Seoul ni ndugu wa tumbo moja, na mkuu aliyefunga safari ya kwenda kuwakagua watawa wake wa Korea mwanzoni mwa mwaka 1911 alikuwa mkuu wa watawa wa Songea vilevile. Aliikuta Korea ikiwa imetwaliwa na Japani tangu Agosti 1910, yaani miezi michache tu kabla yake, na shauku yake ya kuyanasa mavazi, nyumba, mazishi na mahekalu yaliyokuwapo ilitokana na hofu ya wazi kwamba mengi ya hayo hayatadumu. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya achukue, pamoja na vioo vya kawaida vya picha nyeusi na nyeupe, vioo vya rangi vya kiwanda cha ndugu Lumière wa Lyon, Ufaransa, ambavyo wakati huo vilikuwa na umri wa miaka minne tu sokoni.

Msafiri mwenye kamera zama zile alihitaji mikono ya ziada, na historia ya sanaa hii inao mfano mashuhuri wa mume na mke waliogawana mikono hiyo. Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliofunga ndoa mwaka 1910, walipiga picha Borneo mwaka 1920, wakaishi juu ya mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, tangu 1924 hadi 1927, kisha wakarudi Borneo mwaka 1935 na ndege iliyoweza kutua majini. Desturi yao ilikuwa Martin kuzungusha mkono wa kamera na Osa kusimama kando na bunduki, akimwangalia mnyama ambaye mumewe hakuweza kumwangalia sawasawa kwa kuwa jicho lake lilikuwa kwenye lenzi. Na huko Marsabit walijenga chumba cha giza, ili filamu isafishwe papo hapo na kosa la leo lirekebishwe kesho. Walikuwa na neema ya kukaa na kungoja. Weber hakuwa na mke wala hakukaa. Alikuwa mgeni apitaye, mwenye ratiba ya ukaguzi, akitoka misheni hadi misheni. Mikono yake ya ziada ilikuwa jumuiya ya watawa wenyewe, na tofauti hii imeacha alama katika kazi, kama nitakavyoeleza nikifika kwenye filamu.

Sasa tukitazame kioo. Mwanamke wa Songea anayekuna mihogo, akaikamua katika maji na kuyaacha maji yatulie, huona chini ya beseni tabaka jeupe laini la wanga. Na aliyewahi kuusugua wanga ule mkavu baina ya vidole anajua jinsi chembe zake zilivyo ndogo. Ndugu Lumière walitumia wanga wa viazi mviringo. Walizichagua chembe za ukubwa wa takriban sehemu ya mia ya milimita, wakazigawa mafungu matatu, fungu moja wakalitia rangi nyekundu ya machungwa, la pili kijani, la tatu zambarau ya bluu, kisha wakazichanganya mpaka jicho lisiweze kutambua rangi yoyote isipokuwa kijivu. Unga huo ulinyunyizwa juu ya kioo kilichopakwa gundi, tabaka moja tu, chembe kando ya chembe. Nafasi zilizobaki baina yake zikajazwa masizi ya mkaa ili nuru isipenye bila kuchujwa. Kisha kioo kikapitishwa chini ya mgandamizo mkubwa ili chembe zibanwe na kuwa bapa. Juu ya hayo ulipakwa utando mwembamba wa fedha unaoathiriwa na nuru. Hati ya uvumbuzi huo ni ya mwaka 1903, nao uliingia sokoni mwaka 1907.

Utaratibu wake wa kuzaa rangi ni mzuri kwa namna inayostahili kuelezwa taratibu. Katika kamera kioo kiliwekwa kinyume cha desturi, upande wa kioo kitupu ukielekea lenzi na utando ukielekea nyuma, ili nuru ipite kwanza katika chembe za rangi ndipo iufikie utando wa fedha. Ikiwa mbele ya kamera pana kitambaa chekundu, nuru yake nyekundu hupenya chembe nyekundu na kuzuiwa na zile za kijani na za bluu. Basi utando ulio nyuma ya chembe nyekundu ndio uguswao na nuru. Katika dawa ya kwanza sehemu hizo zilizoguswa hugeuka nyeusi. Kama kazi ingeishia hapo, chekundu kingezibwa na visivyokuwapo vingeng'ara. Kwa hiyo dawa ya pili, yenye pamanganeti na asidi, huufuta weusi ule na kuziacha chembe nyekundu wazi. Kisha kioo hutolewa nje kwenye mwanga, fedha iliyosalia nyuma ya chembe nyingine ikaguswa nayo, na dawa hutiwa mara ya pili ili ile iliyosalia igeuke nyeusi na kuziziba chembe zake. Mwisho wa yote hayo, mahali pa kitambaa chekundu pameachwa wazi chembe nyekundu peke yake. Hakuna hasi inayobaki, wala hapana nakala: kioo kile kile kilichokuwa ndani ya kamera, kilichosimama mbele ya mtu yule na mlango ule, ndicho picha yenyewe, na kikivunjika picha imekufa.

Gharama ya uzuri huo ilikuwa wakati. Chembe zile hula sehemu kubwa ya nuru, na fauka ya hayo mpiga picha alilazimika kuvisha lenzi kichujio cha manjano, kwa sababu utando wa fedha huwa mwepesi mno kuguswa na bluu na ungeipaka dunia nzima rangi ya anga. Kioo cha kawaida cha miaka ile kiliweza kunasa picha katika sehemu ndogo ya sekunde penye jua. Kioo cha rangi kilidai muda wa mara 40 hadi 60 zaidi, yaani sekunde nzima au zaidi katika jua la mchana, na sekunde nyingi zaidi kivulini. Basi mbele ya kioo hiki hapiti mtu. Mbebaji mzigo akipita huwa ukungu. Mtoto anayecheka huwa na uso usio na macho. Jani linalopeperushwa hupoteza umbo. Kinachobaki na kung'ara ni ukuta, paa la nyasi, lango la mji, mlima, na mwanadamu aliyeambiwa asimame kimya au aliyezoea kukaa kimya. Katika safari ile Weber aliyatembelea mahekalu ya Kibuddha ya upande wa Suwon, akafika Pyongyang upande wa kaskazini, na kila mahali alipotaka rangi sharti lilikuwa hilo hilo: tulieni.

Hapa ndipo mtazamaji wa leo hupotea njia. Kitabu alichokitoa Weber mwaka 1915 kuhusu safari ile kinaitwa kwa Kijerumani *Im Lande der Morgenstille*, yaani nchi ya utulivu wa asubuhi, kwa kufuata jina ambalo Wazungu walilipenda kwa Korea, na msomaji anayefungua kurasa zake za rangi huwaona watu waliotulia kweli kweli, akasadiki kwamba utulivu ni tabia yao. Lakini utulivu ule umeamriwa na wanga wa viazi. Nchi ilikuwa katika mfadhaiko mkubwa; serikali yake ilikuwa imefutwa, na mapolisi wa Japani walikuwa njiani na katika miji. Weber mwenyewe alikwenda hadi Cheonggye-dong, kijiji cha ukoo wa An Jung-geun, yule aliyempiga risasi Itō Hirobumi mjini Harbin mnamo Oktoba 1909 na kunyongwa mwezi wa Machi 1910, akakaribishwa na Padre Wilhelm wa Kifaransa aliyempa An sakramenti kabla ya kunyongwa. Watu wa kijiji kile waliosimama mbele ya kamera mwaka 1911 walikuwa na msiba wa mwaka mmoja na hofu ya kila siku. Kamera haikuwa na namna ya kuyaonyesha hayo, kwa maana hofu huonekana katika jicho linalogeuka na bega linalosogea, na vyote viwili vinahitaji muda mfupi ambao kioo hakikuwa nao. Picha ya watu hao ni kweli, wala haisemi uongo. Ila kuna jambo ambalo haikujaliwa uwezo wa kulisema.

Jambo jingine kioo kililisema vizuri kuliko ala yoyote ya zama zake, nalo ni weupe. Wakorea wa wakati ule, wake kwa waume, walivaa nguo nyeupe kwa desturi, na wasafiri wote waliofika huko walistaajabia makundi ya watu weupe penye njia na sokoni. Katika picha nyeusi na nyeupe nguo hizo hugeuka bango tupu lisilo na mikunjo. Katika kioo cha rangi weupe hauko peke yake: kivuli cha mkunjo kinavuta bluu kidogo kutoka angani, upande wa chini unapokea wekundu wa udongo, na kitani mbichi cha matanga kinatofautiana na pamba iliyofuliwa na kupigwa pasi. Lakini weupe wa kioo hiki hutokea pale ambapo chembe zote tatu zimeachwa wazi kwa pamoja, na kwa kuwa chembe hizo zenyewe hula nuru nyingi, weupe huo kwa hakika ni kijivu mpaka uwekewe taa kali nyuma yake. Picha hizi hazikukusudiwa kutazamwa mkononi kama tunavyotazama picha ya pasipoti iliyotoka studio. Zilitazamwa kwa kuelekezwa dirishani au kwa kurushwa ukutani kwa taa ya projekta, na hata hapo kwa muda mfupi, kwa kuwa joto la taa huzidhuru rangi.

Juu ya kusafisha vioo safarini nitasema machache tu. Dawa ya kwanza ilipaswa kuwa na ubaridi wa nyuzi 16 za Selsiasi au karibu na hapo; maji yakiwa ya moto utando hulegea, hufura na kung'oka pembeni kama ngozi iliyoungua. Weber alikuwa na bahati ya majira, kwa maana alikuwa Korea tangu mwishoni mwa baridi hadi mwanzo wa kiangazi, kabla ya mvua nyingi na fukuto la Julai. Mwenye kufanya kazi hiyo hiyo katika uwanda wa Ruvuma mwezi wa Novemba angehitaji barafu, ilhali Litembo kwenye baridi yake ya milimani angeliweza kutumia maji ya kijito jinsi yalivyo.

Kupeleka rangi zile kwenye karatasi ilikuwa kazi ya pili, na aghalabu wasomaji huisahau. Kitabu cha 1915 kina kurasa 24 za rangi zilizotokana na vioo vya Lumière, pamoja na mamia ya picha nyingine ndani ya maandishi. Ili kupata ukurasa mmoja, mchapaji alikipiga picha kioo mara tatu kupitia vichujio vitatu, akafanya mabamba matatu ya madini, na karatasi moja ikapita mashineni mara tatu kwa wino wa manjano, mwekundu na wa bluu, kila mara ikipaswa kukaa mahali pale pale bila kuhama hata unywele. Aliyewahi kusimama kwenye matbaa ya Peramiho na kuona karatasi ikipishana na bamba lake anafahamu taabu hiyo. Kufanya hivyo mara 24 katika kitabu kimoja, Ulaya ikiwa vitani, kwaonyesha jinsi Weber alivyozihesabu rangi kuwa sehemu ya ushahidi, wala si pambo.

Mwaka 1925 alirudi Korea, na safari hii ala yake kuu ilikuwa kamera ya filamu. Mambo yote yakageuka. Kamera ya zama zile ilizungushwa kwa mkono, picha 16 hivi kwa sekunde, kila moja ikipata nuru kwa muda mdogo kuliko sehemu ya ishirini ya sekunde. Na kasha la mita 120 za filamu lilikwisha katika dakika sita na nusu. Aliyeomba watu watulie mwaka 1911 sasa aliwaomba waendelee na kazi zao. Filamu iliyotoka katika safari ile, ambayo ina jina moja na kitabu, imejaa mikono: wakulima shambani, wafumaji, mafundi, waombolezaji wakibeba jeneza, maarusi na wazee wao, pamoja na mahekalu na vilele vya milima ya Almasi, ambayo aliiandikia kitabu mbali kilichotoka mwaka 1927. Watu ni wale wale waliosimama kama nguzo miaka kumi na minne nyuma, ila sasa tunajua wanavyotembea, wanavyoinama, na wanavyopishana katika kazi ya pamoja bila kugongana.

Kwa nini mikono zaidi ya nyuso? Mimi naona jibu liko katika aina ya watawa waliomlea na aliowaongoza. Mjini Seoul, mara tu baada ya kufika, walifungua shule ya ufundi wa useremala na kazi nyingine za mikono, sawa na walivyofanya Peramiho, ambako hadi leo karakana ni sehemu ya abasia kama kanisa lilivyo. Mtu aliyezoea kukagua karakana hutazama kazi kwa hatua: mali ghafi, chombo, mkono, na kitu kilichokwisha. Ndivyo vipande vya ufundi katika filamu ile vilivyopangwa, kwa kamera isiyoyumba, iliyowekwa mbali kiasi cha kuona mwili mzima, kisha kusogea kuonyesha vidole. Ndugu Johnson na mkewe walijifunza kungoja mnyama. Weber alijua kufuata fundi.

Ila filamu nayo ilitoza kodi yake. Filamu ya kawaida ya miaka ile haikuhisi wekundu. Iliona bluu kuwa nyeupe na nyekundu kuwa nyeusi. Bibi arusi wa Kikorea huvaa nguo yenye wekundu mwingi wa fahari, na katika filamu wekundu huo huonekana giza, hata mtazamaji asiyejua angeweza kudhani amevaa nguo ya huzuni. Kwa hiyo harusi ya Kikorea tunayo kwa mwendo wake bila rangi yake, ilhali malango na mahekalu tunayo kwa rangi zake bila mwendo, na mwenye kutaka kuijua Korea ya Weber sharti aviweke vyote viwili mezani na kujazia kimoja kwa kingine. Mwanachuoni akitumia kimoja tu, hujenga hoja juu ya upungufu wa ala.

Katika safari hiyo ya pili alipata pia kitabu cha michoro 21 ya Jeong Seon, mchoraji mkuu wa Korea wa karne ya kumi na nane, kikakaa St. Ottilien kwa miaka mingi mpaka watawa walipokirudisha Korea mwaka 2005 na kukiweka chini ya ndugu zao wa abasia ya Waegwan. Nakitaja kwa sababu ya kiufundi: mchoraji yule aliiweka milima ya Almasi katika mchoro mmoja, kilele nyuma ya kilele, kama vile ndege aionavyo, jambo ambalo hakuna lenzi ya Weber iliyoweza kulifanya, na Weber alilitambua hilo kiasi cha kutia baadhi ya michoro hiyo katika kitabu chake cha 1927 kando ya picha zake mwenyewe.

Alijiuzulu mwaka 1930, akaja kwetu, akaishi Litembo, eneo ambalo wakati huo lilihesabiwa katika wilaya ya Songea. Mtu aliyeujua wanga wa Lumière akaishi robo karne ukingoni mwa mashamba ya ngoro, ambayo mashimo yake ya mraba yaliyopangwa mteremkoni yanataka jua la ubavuni, la asubuhi au la alasiri, ili kina chake kionekane, kwa kuwa jua la saa sita huyalaza yakawa kama kitambaa cha vyumba vyumba.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya vioo vilivyo karibu nasi. Wamisionari, maafisa na wenye studio walipiga picha kwa vioo katika nchi hii miaka mingi kabla ya filamu ya plastiki kuenea, na sanduku la vioo vya namna hiyo laweza kukutwa katika stoo ya parokia au chini ya kitanda cha marehemu bila mwenye nyumba kujua ni nini. Ukilikuta, usivipange vioo kwa kuvilaza kimoja juu ya kingine, kwa maana uzito huvunja vya chini. Visimamishe kwa ubavu, kila kimoja ndani ya karatasi safi isiyo na asidi. Shika kingo tu. Upande unaong'aa waweza kufutwa vumbi kwa brashi laini, lakini upande uliofifia, wenye utando, usiguswe kwa kitambaa wala kwa maji hata kidogo. Viweke mahali pakavu, pasipo jua, mbali na paa la bati. Na anayetaka kuvinakili asivipige picha vikiwa vimelazwa mezani kwa nuru ya juu, bali aweke karatasi nyeupe yenye taa nyuma yake, kioo mbele ya karatasi, na kamera mbele ya kioo, chumba kingine chote kikiwa giza. Kisha aandike mara moja, kwa penseli, juu ya bahasha na si juu ya kioo, jina la mahali na la kila mtu anayetambulika, maadamu wazee wanaowatambua bado wapo.